Kijiko cha Mpekuzi

Jumatatu, 14 Machi 1983

Leo nimejipekua mwenyewe. Kioo cha kunyolea, tochi ya kazini, na kile kijiko changu cha chuma cha kubonyezea ndimi. Miaka kumi na tisa nachungulia vinywa vya watu kwenye mlango wa kutokea chumba cha kuchambulia almasi – changu sijawahi!

Kuna kitu. Juu kwenye kaakaa, upande wa kulia, karibu na magego. Kimevimba kama harage lililolowekwa. Hakiumi. Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi, maana jipu linauma. Ningemkuta mtu mwingine na kitu kama hiki ningempeleka eksirei palepale.

Halafu ganzi. Tangu Krismasi shavu la kulia silisikii vizuri. Nilidhani ni baridi ya zamu ya alfajiri.

Mke wangu Paskazia kaingia, kauliza mwanamume mzima anafanya nini na tochi mchana kweupe. Nikasema natafuta mwiba wa samaki. Kaniangalia tu. Hatujala samaki wiki nzima. Huyu mwanamke angefaa sana kazi yangu.

Jumatano, 16 Machi

Hospitali. Daktari wa meno anaitwa Praful, mtoto wa mzee Ramniklal mwenye duka la vitambaa hapa Shinyanga mjini. Kasoma ng'ambo, kisha karudi. Kwa nini arudi? Wenzake wanatafuta njia ya kuondoka, yeye anarudi kupanga foleni ya sabuni! Nimeliweka akilini.

Kabla sijafungua mdomo kanipa kikombe cha maji nisukutue. Nikacheka moyoni. Ndiyo sheria yetu mlangoni: sukutua, tema kwenye karai, fungua. Asiye na kitu husukutua haraka. Mwenye kitu husitasita, huanza kukohoa, huulizia choo. Mimi nilisukutua haraka.

Hakusema jipu. Kachungulia kwa kioo kidogo cha mpini, kabonyeza, kauliza ganzi imeanza lini. Sikuwa nimemwambia habari ya ganzi! Kajuaje?

Kanidunga sindano, kakata kipande, kakitia kwenye chupa yenye dawa. Kinakwenda Dar kwa treni, huko wana darubini. Kwenye chupa kaandika namba. Nikamwambia namba haitoshi, andika na jina. Kaandika: Mihayo. Nimesoma mwenyewe, mara mbili.

Jumatatu ya Pasaka, 4 Aprili

Jana kanisani kwaya imeniombea. Kwa jina! Nani kawaambia? Najua nani. Paskazia anasema yeye kamwambia mtu mmoja tu, mwalimu wa kwaya. Basi.

Anataka pia nikaonane na shangazi yake, nfumu, mganga anayechanja uvimbe na kupaka dawa nyeusi. Nimekataa. Kaniuliza: yule wa hospitali si naye kakukata?

Mjini ni kukamata tu. Walanguzi, wahujumu uchumi, kila duka linapekuliwa. Watu wanatupa sukari chooni! Duka la mzee Ramniklal limepekuliwa Alhamisi, majora yote yakatolewa barazani. Nilisimama kuangalia. Hawakukuta kitu. Nikajisemea, hawajui pa kutazama. Kisha nikajionea aibu kidogo, lakini kidogo tu.

Jumanne, 12 Aprili

Majibu. Ni saratani.

Nimeandika neno hilo hapa, nimeliangalia, nimefunga daftari, nimelifungua tena.

Saratani ya tezi za mate. Nilicheka – mate! Nilidhani mate yanakuja tu. Kumbe kaakaa lote limejaa vitezi vidogovidogo, na kimojawapo kimeasi. Daktari anasema ni ugonjwa wa nadra sana. Kwa miaka minne mikoa yote hii ya ziwani kakusanya wagonjwa watano. Mimi wa sita. Sikujua nijivunie au nilie.

Kanichorea. Unakwenda polepole, miaka na miaka, hauna haraka. Unapenda kufuata mishipa ya fahamu, unapita humohumo kuelekea fuvuni – ndiyo maana ya ganzi. Ukikatwa unaweza kurudi baada ya miaka kumi. Au ukatokea mapafuni.

Dawa? Kukata. Nusu ya kaakaa itoke, kisha watanitengenezea kaakaa la plastiki la kuvaa kama meno ya bandia. Baada ya hapo mionzi, mashine ipo Dar. Zamani mabingwa walisema mionzi haiusumbui ugonjwa huu. Siku hizi utafiti unaonyesha ukikatwa kwanza halafu ukapigwa mionzi, unakaa kimya muda mrefu zaidi. Ulaya wanajaribu mionzi ya aina nyingine kabisa, mashine yake kubwa kama ghala la pamba. Hiyo kwetu haipo. Dawa za kunywa au sindano, bado. Kasema "bado" bila kuona haya. Walau hapo hakudanganya.

Kanionyesha jarida lake la kitabibu. Picha za watu midomo wazi, macho yamefunikwa kwa mstari mweusi kama wezi gazetini. Nikauliza: na mimi utanipiga hivi? Kasema ukikubali tu.

Halafu kauliza lingine. "Mzee Mihayo, wewe unatazama vinywa kila siku. Hujawahi kuona kitu kama hiki kwa mtu mwingine?"

Hapo ndipo nilipomshuku. Vinywa vya wachambuaji ni siri ya kazi. Anayetaka kujua nini kinaonekana na nini hakionekani mdomoni mwa mchambuaji – anatafuta nini? Na baba yake ana duka.

Nikasema sijawahi kuona.

Alhamisi, 14 Aprili

Nimedanganya, na lazima niandike hapa palipo na ukweli.

Chini ya kitanda kuna sanduku la bati. Ndani yake madaftari kumi na moja. Yalianza mwaka 1965, baada ya mchambuaji mmoja, Januari, kutoka na jiwe ndani ya gego bovu, mbele ya macho yangu. Lilikamatwa Mwanza, nami nilipata karipio. Nikaapa. Tangu siku ile nikachora kila mdomo – meno, mapengo, makovu, kaakaa – ukurasa mmoja mtu mmoja, na kila mwezi nikalinganisha. Miili ya wanawake ilipekuliwa na mama mmoja, lakini vinywa vyote vilikuwa vyangu. Waliniita Kijiko. Nyuma ya mgongo wangu, lakini nilisikia.

Madaftari yalitakiwa ofisini. Nilisema yameliwa na mchwa. Kwa nini nilisema hivyo? Sijui. Yalikuwa yangu, niliyachora kwa mkono wangu. Lakini leo, kwa msako huu, mpekuzi akikutwa na michoro ya vinywa vya wachambuaji nyumbani kwake ataeleza nini? Mhujumu uchumi namba moja!

Nimefungua daftari la nne. Nyamizi, meza namba tatu. Juni 1969: kipele, kaakaa, kulia. Mwaka uliofuata: punje ya mtama. Machi 1971: harage. Pembeni, mwandiko wangu mzuri wa siku zile: "Anaficha kitu chini ya ngozi. Apelekwe eksirei."

Picha haikuonyesha jiwe. Nikaandika tena: "Hata hivyo si wa kuaminika." Mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Ni sentensi yangu ile iliyomtoa.

Mahali palepale. Upande uleule. Nimeweka daftari na kioo pamoja. Naogopa.

Jumapili, 17 Aprili

Daktari kaja nyumbani! Kwa baiskeli, petroli hakuna. Kaleta nusu mche wa sabuni. Paskazia karibu apige vigelegele. Mimi nikawaza: mtu haleti sabuni mwaka huu bila sababu.

Kauliza waziwazi habari za madaftari. Nikamgeukia Paskazia. Kainamia jiko.

"Baba Valeriani, nimemwambia mimi," kasema. "Mambo yako ya madaftari na siri yamalizie mgodini. Mimi nataka mume."

Daktari kaeleza. Hakuna ajuaye ugonjwa huu unakaa mdomoni miaka mingapi kabla mwenyewe hajausikia, maana hakuna anayemchungulia mtu mzima asiyeumwa. Huko Ulaya hawana kumbukumbu hizo. Anadhani mimi ninazo.

Sikumpa. Nikasema nitafikiri. Nilipomsindikiza kauliza tena, kwa upole. Upole ule ndio usioniridhisha.

Jumanne, 19 Aprili

Nimemtega.

Mlangoni kwetu tuna mtego wa zamani: kipande cha chupa kilichochongwa vizuri, unakiweka mezani katikati ya mawe ya kweli. Mwaminifu anapaza sauti, mwizi anakimeza. Nimechukua daftari la nne, nikafunika majina yote kwa karatasi na gundi ya unga, nikabakiza namba za meza. Katikati ya kurasa nikadondosha kile kipande, kama kimesahaulika. Kinameta kweli, hata mimi ningesita.

Nimempelekea. Sasa tuone.

Ijumaa, 22 Aprili

Daftari limerudi, limefungwa kwa gazeti. Kipande cha chupa kimo, kimeviringishwa kwenye pamba. Na kikaratasi: "Mzee, kulikuwa na kipande cha chupa humu, karibu kinikate. Uwe mwangalifu unapofungua. Je, yule wa meza namba tatu yuko hai?"

Basi! Hakuna la mlango, hakuna la zamu, hakuna la mawe. Anamtaka mtu wa meza namba tatu tu.

Nimekaa na kile kikaratasi nikijiona mpumbavu. Kisha nikawaza: labda ni mwizi mwerevu kuliko mtego. Kisha nikachoka kuwaza.

Jumatano, 27 Aprili

Wamenipa tarehe. Nipande treni ya Dar Jumatatu, 9 Mei, bingwa wa kupasua kanikubali.

Nimemwuliza daktari kama ugonjwa unaambukizwa. Nimeuliza mara tatu kwa njia tatu, mbalimbali, kama tunavyowahoji watu kazini. Je, kwa mate? Je, mume akimpa mke kikombe chake? Je, kwa kijiko cha chuma kilichochovywa spiriti na kufutwa, kisha kikaingia mdomo mwingine? Jibu lilikuwa lilelile: hapana. Chanzo chake hakijulikani, lakini hauhami kwa kijiko.

Chanzo hakijulikani! Sasa kama hakijulikani, anajuaje si kijiko? Kasema katika watano wake wengine hakuna hata mmoja aliyewahi kupekuliwa. Hilo lina akili. Lakini asubuhi nilikwenda kazini na kijiko kimenishinda kukishika. Nimetumia tochi peke yake.

Siwaambii wenzangu. Valeriani, mtani wangu wa zamu, aliyempa mwanangu jina, kaniuliza mbona nasema kama nina ndizi mdomoni. Nikamwambia ni ndizi kweli. Kacheka, lakini kaniangalia sana.

Ijumaa, 29 Aprili

Donatus, dereva wa lori, anasema kuna mama Nyamizi anauza uji kwa wachimba dhahabu Nyarugusu, upande wa Geita. Anafunika mdomo kwa kanga anapoongea. Yuko hai!

Nimefanya hesabu. Kipele mwaka 1969. Sasa ni miaka kumi na minne. Hai, na kama hajakatwa – basi kwa nini mimi nikatwe? Kwa nini nitolewe nusu ya kaakaa, nile ugali na kaakaa la plastiki? Nitakwenda nimwone kwa macho yangu. Akiwa mzima, treni ya Jumatatu iende bila mimi.

Nimemwambia daktari nakwenda kwa mtu wa meza namba tatu. Jina sikumpa. Kanipa bahasha mbili. Moja yangu, ya bingwa. Ya pili imegundishwa: "Mpe yeye."

Jumanne, 3 Mei

Treni mpaka Mwanza. Kivuko cha Busisi tumengoja kwa saa tano, injini ina homa. Usiku huu nalala Geita kwa ndugu wa Donatus.

Kwenye kivuko nimeifungua bahasha ya pili. Ndiyo, nimeifungua. Nilitaka kujua anamwambia nini nyuma yangu.

Ni barua ya rufaa. Kwa bingwa yuleyule, treni ileile ya tarehe tisa. "Tafadhali mpokee mgonjwa huyu, mwanamke, uvimbe wa kaakaa wa miaka isiyopungua kumi na minne." Mahali pa jina kaacha wazi. Hakuniuliza tena jina, kaacha nafasi tu.

Nimeigundisha upya kwa uji wa mtoto wa abiria mwenzangu. Imejikunja. Mtu yeyote ataona.

Jumatano, 4 Mei

Nyarugusu. Naandikia kwenye benchi lake.

Nimefika saa nne asubuhi na lori la Donatus. Vumbi jekundu, nyundo zinagonga, watu wanatoka kwenye maduara, mashimo yao ya kuchimbia, wakiwa weupe wa unga wa mawe. Chungu kikubwa, vikombe vya bati, na mwanamke kalipa jua mgongo. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Wangaluka, mayu."

Kageuka. Kanijua kabla sijamaliza.

"Kijiko," kasema. Sauti inatokea puani. "Umenifuata mpaka huku? Bado unalitafuta lile jiwe lako?"

Wachimbaji wawili wakaacha kunywa. Nilikosa pa kuweka mikono.

Nikamwambia silitafuti jiwe. Nikamwambia jiwe halikuwapo, na mimi ndiye niliyeandika vibaya, na nimekuja kusema hivyo. Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri zaidi kule kivukoni. Yote yamekimbia.

Kasikiliza huku anakoroga. Kisha kasema polepole, kwa sababu maneno yanamvujia puani: miaka yote hii anatafuna upande mmoja. Sikio la kulia linamchoma kama mtu katia sindano humo. Jicho la upande huo halifumbi sawasawa. Tangu kipupwe kile kingine anakohoa. Kwa waganga wawili kachanjwa. Hospitali hajakwenda – akafungue tena mdomo mbele ya mwanamume mwenye tochi? Hapana.

Kumbe hiyo ndiyo maana ya "hai". Nilikuja kutafuta ruhusa ya kutokatwa, nimeikuta hii. Ningeweza kulia pale mbele ya wachimbaji.

"Na namjua aliyenitia," kasema. "Ni wewe. Kwa chuma chako. Kabla ya chuma chako sikuwa na kitu mdomoni."

Ningemwambia ya daktari. Kwamba hauhami kwa kijiko. Kwamba kipele nilikichora mara ya kwanza tu nilipomfungua mdomo. Lakini mimi mwenyewe nimeyaamini? Nimeuliza mara tatu kwa njia tatu! Nikabaki nimenyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa kama kukiri.

Nikamwambia tu, "Na mimi ninacho. Mahali palepale."

"Mwongo."

"Kweli, mayu."

"Getini kwenu mtu akisema kweli mlikuwa mnamwaminije?"

Katoa kikombe kwenye ndoo, kachota maji, kanipa. Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Nikasukutua, nikatema kwenye vumbi. Mkono wake ukanyooka, nikampa tochi. Kachukua kijiko cha uji, kakifuta kwa pindo la kanga.

"Fungua."

Miaka kumi na tisa sikujua kwamba machozi yanakuja yenyewe ukiinuliwa kidevu. Hujui uangalie wapi. Unamwangalia anayekuangalia, na yeye haangalii wewe, anaangalia ndani yako. Nilisikia pumzi yake, na ubaridi wa kijiko, kisha sikuusikia tena ulipofika upande wa ganzi. Wachimbaji wakaja kuchungulia. Kawafukuza kwa neno moja.

Kakaa muda mrefu. Mimi nilikuwa nikimaliza mdomo kwa nusu dakika.

Alipozima tochi kakaa kwenye benchi, karibu nami lakini si karibu sana. Kasema, "Ni kama changu cha zamani." Kisha kauliza kama kuna dawa.

Nikamwambia ninavyojua. Kukata, kisha mionzi. Kwamba si ya kuponya kwa hakika. Kwamba yeye kachelewa, na sijui kama watamkata au mionzi tu, au watamwambia arudi nyumbani. Kwamba treni ni Jumatatu. Kwamba daktari ni mtoto wa mwenye duka, nami nimemtega na hakunaswa. Nikampa bahasha. Kaona mara moja.

"Imefunguliwa hii."

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Kacheka! Kwa kanga mdomoni, lakini kacheka. Kaitoa barua, kanirudishia nimsomee. Nilipofika mahali pa jina nikasimama.

"Mbona hapo unanyamaza?"

"Hapo hapajaandikwa kitu."

Hakusema andika, hakusema usiandike. Kachukua kikombe kilekile, kachota maji, kaingia nyuma ya turubai.

Donatus anapiga honi ya pili. Akiondoka hakuna lori jingine la Busisi mpaka Ijumaa. Barua iko gotini, kalamu ninayo. Huku nyuma ya turubai namsikia, kama mtu anayejiandaa kufungua mdomo. Anasukutua. Anatema. Anasukutua tena –